Mstari wa Tatu wa Mama Memo

Asubuhi ile chai ilikuwa ya moto, na Mama Memo alikuwa anaipuliza huku anasoma simu. Miwani ilikuwa imeteremka mpaka ncha ya pua. Mume wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi kwa kuwa mageti yao karibu yote aliyachomelea yeye, alikuwa amepiga magoti chini ya dirisha anahangaika na komeo lililolegea.

"Fundi, acha hilo komeo. Njoo usikilize."

"Nasikiliza kwa masikio mama, si kwa mikono."

"Mikono yako ndiyo inayopiga kelele. Njoo ukae."

Akaja, akajifuta mikono kwenye suruali, akakaa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya asubuhi. Mama Memo akasoma polepole:

"Tanki linafaa kujazwa lote. Miguu yote minne imepimwa, inatosha hata upepo ukiwa mkali. Hatujui udongo wa upande wa bonde utakuwaje baada ya mvua."

Akaweka simu mezani. "Umesikia nini?"

"Tanki lijazwe. Miguu inatosha."

"Na nini tena?"

"Na upepo."

"Na nini tena?"

Fundi akakuna kidevu. Akatazama chai. Akatazama dirisha. "Si basi? Kwani kuna jingine?"

Siku zote, Fundi akisahau kitu, kosa lilikuwa la sentensi. Ndivyo walivyokubaliana tangu zamani. Mama Memo angeigeuza, angeipandisha juu, angeisoma tena mpaka ikae kichwani mwa mzee kama msumari kwenye mbao. Lakini asubuhi ile kikohozi kilimshika. Kilikuwa kirefu, kikamwinamisha, akabaki ameshika meza. Kilipomwachia, alikuwa amechoka kama mtu aliyebeba ndoo mbili kilimani.

"Bosi anataka memo isomeke yote kwenye kioo cha simu bila kusogeza kidole," alisema. "Hii inazidi kwa mstari mmoja."

"Basi punguza."

"Basi utoke huu wa tatu," alisema Mama Memo.

Akafuta mstari wa tatu. Akatuma. Akanywa chai yake, sasa imepoa, na akasema komeo bado linalegea na upepo wa usiku ule ule utalifungua. Fundi akamwambia anywe chai aache umbea wa makomeo. Wakacheka. Hiyo ndiyo ilikuwa asubuhi yao ya mwisho ya kawaida, na wala haikujionyesha.

Ofisi aliyofanyia kazi Mama Memo ilikuwa na kazi ya ajabu: kuvunja vitu ndani ya kompyuta ili visivunjike nje. Mtu akitaka kujenga daraja, paa la uwanja au mnara wa tanki, vijana wa ofisi ile walikijenga kwanza kwenye kompyuta, wakakipigisha upepo, wakakipandishia mizigo, wakakitikisa, wakatazama kipi kinakatika kwanza. Kisha waliandika ripoti. Ripoti zilikuwa nene, zenye rangi nyekundu na buluu na michoro kama vidonda, na hakuna aliyezisoma.

Yeye aliingia pale akiwa msichana, karani wa kupiga taipu. Siku moja alikuta ripoti moja nene imewekwa chini ya mguu wa meza ya bosi, meza isiyumbe. Aliitoa, akaipangusa, akaisoma yote hata pale alipokuwa haelewi, akawafuata vijana mmoja mmoja kuwauliza: hii maana yake nini, na hii je? Halafu akapiga taipu ukurasa mmoja. Hakuna aliyemtuma. Ukurasa ulisema: "Daraja la waenda kwa miguu litacheza watu wakilivuka kwa wingi. Halitaanguka, lakini litawatisha. Hatujui litachezaje watu wakikimbia."

Bosi wa wakati ule aliusoma amesimama. Akauliza, "Nani kaandika?" Karani akadhani amefukuzwa. Bosi akaagiza daraja liongezwe vyuma, na tangu siku ile kila ripoti ilipitia kwa karani. Vijana wakampachika jina la Mama Memo. Mwanzoni lilikuwa la kumtania, baadaye hata bosi alimwita hivyo.

Memo zake zilikuwa na mistari mitatu. Wa kwanza ulisema cha kufanya. Wa pili ulisema kwa nini. Wa tatu ulisema kile ambacho ofisi haikijui. Vijana hawakuupenda mstari wa tatu.

"Mama, unatuvua nguo mbele ya mteja," walilalamika.

"Nawavua koti tu. Mkiendelea kubisha ndiyo suruali itafuata."

Alipata mume mchomeleaji, mtu ambaye hakukaa darasani. Namba alizijua kwa ajili ya tepu ya kupimia, herufi hazikumjua. Siku ya kwanza alipomsomea memo, ilikuwa kwa mapenzi tu, kumwonyesha kazi yake. Fundi akasikiliza, akarudisha alichosikia, na alichorudisha kilikuwa nusu ya kilichoandikwa. Mama Memo akachukua kalamu akakata nusu nyingine. Toka hapo ikawa desturi ya nyumba.

"Kwa nini mimi?" Fundi alimuuliza siku moja. "Mna mainjinia tele."

"Injinia akisema ameelewa, pengine anaona aibu kusema hajaelewa. Wewe aibu hunayo."

"Asante mke wangu."

"Karibu."

Memo ikimkaa vizuri, alimwambia asiongeze neno. Kwa sababu Fundi alikuwa na tabia ya kupamba. Akiambiwa boriti imepinda, yeye anarudisha boriti imepinda vibaya sana. "Hiyo 'vibaya sana' umeitoa wapi? Usiongeze neno." Hata binti yao alikua anasikia hivyo. Akitumwa dukani: nenda, sema, usiongeze neno.

Alipostaafu walimkatia keki, wakamsifu mpaka akasinzia. Wiki iliyofuata wakampigia simu. Memo zimerudi kuwa nene. Akaanza kuziandikia mezani nyumbani, miwani puani, Fundi mbele yake.

Siku ile ya komeo, kabla ya mchana, Fundi alisikia sufuria imeanguka jikoni. Akamwita, kisha akaenda. Alimkuta sakafuni, ameegemea kabati, anatafuta pumzi kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka hapo hapo sasa hivi. Jirani mwenye gari akawapeleka hospitali.

Daktari alisema moyo umechoka na maji yameingia mapafuni. Alisema mengine mengi. Fundi alisikia hayo mawili tu. Mengine, kama mke wake angekuwa na nguvu, angeyakata.

Wakamlaza kitanda cha karibu na dirisha, mpira wa oksijeni puani. Fundi alikaa kwenye kiti cha plastiki. Binti yao, aliyeolewa mbali, alipigiwa simu akasema anaanza safari. Siku zikapita. Mama Memo alikuwa analala, anaamka, anaomba maji, analala. Akiamka alimtazama mumewe na kumshika kidole kimoja, kile cha shahada, chenye kovu la moto wa kuchomelea. Walikuwa hawaongei sana. Pumzi ilikuwa haba, haikufaa kupotezwa.

Asubuhi moja mvua ilikuwa imenyesha toka alfajiri. Ilipiga bati la wodi mpaka wagonjwa wakawa wanaongea kwa kupaza sauti. Fundi alikuwa anamenya yai la kuchemsha ambalo hakuna atakayelila. Akaona mke wake amefumbua macho na anasikiliza bati.

"Leo siku gani?" aliuliza.

Akamwambia.

"Leo wanajaza tanki."

"Waache wajaze. Wewe pumzika."

"Fundi. Ule mstari."

Hakuelewa mara moja. Halafu akaelewa, na yai likamponyoka mkononi. Mstari wa tatu. Udongo wa upande wa bonde baada ya mvua. Aliyeshindwa kuurudisha alikuwa yeye.

Mama Memo aliona uso wake. "Niliukata mimi," alisema. "Lete simu."

Simu ya bosi ikaita, ikaita, ikakatika. Wakapiga tena. Ikaita, ikakatika. Wakapiga ofisini. Msichana wa mapokezi akasema bosi yuko saiti, kule kwenye mnara, tangu asubuhi na vijana wote, simu zao huwa wanaziacha garini, lakini akirudi atamwambia. Akirudi! Mama Memo akajaribu kuandika ujumbe, vidole vikawa havimtii. Herufi zikaja nyingi, hovyo. Akamtazama mumewe, na mumewe akatazama sakafu, kwa maana herufi zile kwake zilikuwa kama nyayo za kuku.

Chini ya mnara wa tanki, upande wa bonde, kulikuwa na nyumba za wafanyakazi. Wote wawili walizijua. Milango ya nyumba zile aliichomelea Fundi.

"Nenda," alisema mke wake.

"Siendi popote."

"Nenda, baba."

Hakumwita hivyo mara nyingi. Alimwita hivyo binti yao alipozaliwa, na siku walipomzika mama mzazi wa Fundi.

"Nikuache na nani? Binti hajafika. Hata yeye… hata…" Fundi alivuta kiti karibu zaidi na kitanda. "Nikirudi nikakukuta…" Hakumalizia.

Mama Memo alifumba macho. Fundi alidhani amelala. Kumbe alikuwa anaandika. Alimjua akiwa anaandika: midomo inajongea kidogo, kidole kinakata kitu hewani. Alikata mara nyingi. Kisha akafumbua macho akamsomea, sentensi moja, kwa pumzi mbili. Hakuuliza umesikia nini. Alimtazama tu.

Fundi akairudisha yote. Haikupungua wala haikuzidi. Mke wake akamuaga kwa maneno manne.

Akachukua kofia yake akatoka. Mlangoni aligeuka. Mke wake alikuwa ametazama mlango. Nesi alikuwa anakuja na sinia la dawa, Fundi akamshika mkono, "Mwanangu, nakuachia huyu," akaondoka kabla nesi hajajibu.

Nje alipata pikipiki ya abiria. Tope lilikuwa limejaa barabarani. Fundi alimkumbatia dereva kama mtoto, na midomo yake haikutulia. Alikuwa anairudia sentensi isije ikamtoka. Kila shimo lilitaka kumnyang'anya neno.

"Mzee unaniambia mimi?" dereva alipaza sauti.

"Sikwambii wewe! Endesha!"

"Nimesikia nusu. Nusu ya nauli?"

"Nusu ya tanki! Endesha!"

"Haya mzee. Lakini hivyo unavyonishika mbavu, tutafika ukiwa na mbavu zangu."

Wakati mwingine wowote Fundi angecheka. Siku ile alikuwa anamuona mke wake anatazama mlango, na kila mti uliopita ulimpeleka mbali naye. Alitaka kusema, geuza. Neno lilifika kwenye ulimi. Kama angelisema, angemwahi. Labda. Akalimeza, akarudia sentensi.

Getini mlinzi akamzuia. Hakuna kuingia bila kofia ngumu. Fundi hakubishana. Alimvua mlinzi ya kwake kichwani, akaivaa, akapita, mlinzi nyuma yake anapiga kelele, "Wewe mzee! Wewe!"

Pampu ilikuwa inanguruma. Mnara ulikuwa umesimama wima, mrefu, tanki juu yake kama kichwa kikubwa kwenye shingo nyembamba, na maji yalisikika yakipanda kwenye bomba. Chini, upande wa bonde, mwanamke mmoja alikuwa anaanika nguo, kwa imani kwamba manyunyu yaliyobaki yatakwisha sasa hivi.

Bosi alikuwa na vijana wawili chini ya mwavuli. Alimwona mlinzi anamkimbiza mzee mwenye kofia isiyomkaa, akamtambua.

"Fundi! Mgonjwa vipi?"

"Kanituma."

Akaisema sentensi. Aliisema kwa sauti, juu ya pampu.

Bosi akakunja uso. "Memo yake ninayo." Akatuma kijana garini akaleta simu, akaifungua, akamwonyesha kioo kana kwamba mzee angeweza kusoma. "Hii hapa. Tanki linafaa kujazwa lote. Kaandika mwenyewe."

"Najua. Nilikuwepo."

"Sasa kimebadilika nini? Mtambo tumekodi, watu wamekuja. Nisimamishe kwa sababu gani?"

Fundi alifungua mdomo. Mambo yalimjaa mpaka hapa: asubuhi ile, chai, kikohozi, mstari uliofutwa, bati la wodi, kitanda cha dirishani. Angeweza kuyaeleza. Lakini alijua akianza kueleza atapamba, na akipamba watabishana, na wakibishana maji yanapanda, na kule mlango unatazamwa. Akaisema tena. Ile ile.

"Hajaongeza chochote?" bosi aliuliza.

"Hapana."

"Hata samahani?"

"Hata samahani."

Bosi alitaka kucheka, kicheko hakikuja. Akarudisha macho kwenye simu. Akasoma. Akasogeza kidole juu, akasogeza chini, na hapakuwa na pa kusogeza. Midomo yake ikahesabu.

"Haina mstari wa tatu," alisema polepole. "Memo yake hii haina mstari wa tatu."

Akatazama bonde. Mvua ilikuwa imechimba vijito vyekundu kwenye mteremko, vikipita karibu kabisa na nguzo. Wote walikuwa wamekanyaga tope lile toka asubuhi, viatu vimekuwa vizito, na hakuna aliyeuliza nguzo nazo zimekanyaga nini.

"Zima pampu!" bosi alipiga kelele. "Zima! Watoeni watu kwenye nyumba zile!"

Pampu ikazimika. Kimya kikawa kikubwa. Maji yalisikika yakitulia ndani ya tanki. Hakuna kilichotokea. Mnara haukulia, haukuinama. Mwanamke wa nguo aliinua uso kuangalia kwa nini kelele zimekwisha.

Tanki halikuanguka, na kitu ambacho hakikuanguka hakina msimuliaji. Mama Memo alifanya kazi hiyo miaka yake yote. Madaraja yasiyocheza na mapaa yasiyoruka, watu wanapita chini yake wakifikiria mambo yao.

Bosi alimpa gari. Fundi njia nzima alikuwa anatengeneza jibu. Alitaka liwe fupi. Wamezima pampu. Hapana: wamezima. Neno moja linatosha, ataelewa. Wamezima.

Nesi alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi. Hakuwa na sinia. Fundi alimwona kwa mbali akajua, na miguu yake ikaendelea kutembea kwa sababu ilikuwa imeshaanza.

"Alisema kitu?" aliuliza.

"Hapana, mzee wangu. Alikuwa anatazama mlango tu. Na mvua, kama anasikiliza mvua."

Alikaa kwenye kiti cha plastiki. Yai lilikuwa bado chini, limekanyagwa. Alishika kidole cha mke wake, yeye sasa ndiye aliyeshika. Akasema, "Wamezima." Akasubiri. Maisha yao yote, yeye akirudisha neno, kulikuwa na mtu wa kusema ndiyo au siyo. Akasema tena, "Wamezima, mama." Bati likamjibu.

Msibani watu walisema maneno mengi. Walisema alikuwa taa, alikuwa nguzo. Fundi alikaa kwenye mkeka akasikia kila neno ambalo angelikata. Bosi alikuja, akachuchumaa mbele yake, akamwambia wamechimba upande wa bonde na fimbo imezama kwenye tope mpaka kwenye mshiko. Wamemwaga zege jipya. Alisema asante. Akafuta miwani kwa tai yake.

Fundi aliitikia kwa kichwa. Habari ilikuwa njema, akaitafutia mahali ndani yake pa kuiweka, hakupaona. Watu wa nyumba zile walikuwa wanalala salama. Yeye alikuwa halali. Angeambiwa achague tena, hakujua angechagua nini, na hilo ndilo lililokuwa linamla. Mke wake angejua. Mstari mmoja, angesema.

Komeo la dirisha hakulitengeneza. Upepo hulifungua usiku, naye huamka kulifunga. Asubuhi huchemsha chai ya watu wawili, kwa kusahau, na hukaa upande wake wa meza. Hakuna anayemuuliza amesikia nini. Amesikia gari la takataka. Amesikia jogoo wa jirani. Hurudisha moyoni tu.

Binti yao alifika baada ya mazishi. Njia ilikuwa imekatwa na mvua ile ile. Siku ya kuondoka, ameshafunga mizigo, alikaa kwenye kiti cha mama yake, akamshika baba yake mkono.

"Baba, kuna kitu kinanila. Wewe ulikuwa naye. Mama alisema nini mwisho? Aliniachia neno gani?"

Fundi alimtazama. Alikuwa na macho ya mama yake, yamevimba. Angeweza kumpa kitu. Mama yako alisema anakupenda. Mama yako alisema tutunzane. Vyote vilikuwa kweli na hakuna kilichosemwa. Tabia ya kupamba ikampanda mzee mpaka kwenye meno.

Akanyoosha mgongo, kama alivyokaa asubuhi zote pale mezani, akarudisha kama alivyopewa:

"Msijaze tanki zaidi ya nusu mpaka mchimbe udongo wa upande wa bonde mkauone kwa macho. Nenda, Fundi. Usiongeze neno."